Majani Yako Wapi

Mume wangu Damian hakuwa mvutaji. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kila ninapomsimulia mtu habari za ile miche miwili ya bangi iliyoota kwenye roshani yetu kule Tumba, Uswidi, mwaka wa sabini na sita, huanza kuitazama picha yake ukutani kwa jicho jingine. Damian hakuvuta hata sigara. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, kutokubali kushindwa, na aliyekuwa akiuchochea ni Wambura.

Wambura alikuwa mwenzake wa kiwandani, mtu wa Tarime, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Siku moja, theluji ikiwa ndiyo kwanza imeyeyuka, walikaa jikoni kwetu wakiusengenya mchicha wangu. Nilikuwa nimeupanda kwenye ndoo karibu na dirisha. Uliota mwembamba kama nyuzi, ukainama, ukafa. Wambura akasema ardhi ya Waswidi haitaki kitu chetu hata kimoja.

"Hata bangi," akasema, "ambayo kwetu inaota kwenye ufa wa jiwe bila kuombwa, hapa italia baridi na kufa."

"Itaota," Damian akasema.

"Haioti."

"Itaota mpaka itoe maua, na utakuja kuichambua kwa mikono yako."

Kabla vikombe havijapoa walikuwa wameshapeana mikono. Atakayeshindwa atamwita mwenzake "mwalimu" mbele za watu mpaka mwaka uishe.

Mbegu zilitoka duka la chakula cha ndege. Hatukuwa na ndege. Damian alinunua pakiti ya mbegu za kasuku wadogo, akaimwaga mezani na kuchagua za bangi moja moja, kwa subira ambayo sikuwahi kumwona nayo akichagua mchele. Muuzaji alimwuliza ndege wake anaitwaje. Akamjibu kwamba anaitwa Wambura.

Zikaota. Kiangazi kile jua halikutaka kuzama, na miche ile ilipanda kwenye roshani kama imeitwa na mtu aliye juu. Damian aliizungushia nyanya ili isionekane. Nilimwambia aing'oe. Akasema Wambura akishaona maua tu, ataing'oa siku hiyohiyo. Nilimwambia tena mwezi uliofuata, akanijibu maneno yaleyale, ila safari hii alikuwa amenishika kiuno na kunichezesha katikati ya sebule, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa akikukosea kwa namna ambayo ukitaka kumgombeza unajikuta unacheka.

Lakini mimi nilikuwa na hofu yangu, na hofu hiyo ilikaa ghorofa mbili juu yetu. Jina lake lilikuwa Jerioth, Mkenya wa Kiambu, ambaye wote tulimwita Mama Nyambura kwa jina la binti yake mkubwa. Nilikuwa nikisomea kazi ya uuguzi msaidizi hospitalini. Mtoto wetu Leokadia, tuliyemwita Leo, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na foleni ya kupata nafasi dagis, mahali pa kulelea watoto, ilikuwa ndefu kiasi kwamba Wazungu wenyewe walikuwa wakijiandikisha wakiwa bado wajawazito. Jerioth ndiye aliyenilelea Leo. Hakutaka chochote, alisema tu kwamba mtoto wa Kiswahili asilie kwa Kiswidi. Bila yeye, masomo yangu yalikuwa yamekwisha.

Naye Jerioth alikuwa mtu wa ibada. Sisi ni Wakatoliki na yeye ni wa Presbiteri, lakini kwa Tumba ya siku zile, Mkristo aliyejua Kiswahili alikuwa Mkristo wa kutosha. Kila Jumamosi alasiri tulikusanyika kwake, Wakenya na Watanzania, tukaimba, tukaomba, tukanywa chai. Aliwahi kumfukuza mtu kwenye ibada kwa kunuka bia. Akijua kuna bangi katika nyumba anayolala mtoto anayemlea, nilikuwa na hakika atanirudishia Leo pamoja na nepi zake na kufunga mlango.

Damian alikuwa akimtania jambo moja tu, Kiswahili chake. Kwa Jerioth kila kitu kilikuwa "iko." Chai iko, watoto iko, viatu iko mlangoni. Damian alikuwa akiinama kwa heshima na kumwuliza, "Mama Nyambura, na sarufi iko wapi?" Jerioth alikuwa akimtazama tu, bila kucheka, kama mtu anayeweka kitu kabatini kwa matumizi ya baadaye.

Jumamosi ile ya mwezi wa kumi nilitoka zamu ya asubuhi, nikapanda treni mpaka Tumba. Nilipofungua mlango wa nyumba harufu ilinipokea kabla ya mume wangu. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, baridi ikiingia waziwazi, na wanaume wawili wamekaa na makoti yao mezani wakichambua bangi kama wanawake wa sherehe wanaochambua kisamvu.

Walikuwa na ugomvi mpya. Mche mmoja Damian alikuwa ameukata wiki iliyopita na kuuning'iniza kichwa chini ndani ya kabati la nguo, nyuma ya koti langu la kanisani. Wa pili ulikatwa asubuhi hiyo, maana usiku umande ulikuwa umeanza kuganda. Damian alishikilia kwamba vishada vya maua huchambuliwa vikiwa vibichi. Wambura alishikilia kwamba lazima vikauke kwanza. Basi kila mmoja alikuwa akichambua kwa dini yake.

"Njoo uone, shemeji," Wambura akasema. "Mumeo anakata nywele za maiti iliyolowa."

"Mama Leo, usimsikilize," Damian akasema. "Jani bichi limesimama, unaliona, unalikata. Lake limekauka likajikunja, limelishikilia ua kama mtoto kwa mama. Ukilivuta, linavunjika vumbi. Tazama meza yake. Huo ni ugoro."

"Na wewe tazama vidole vyako."

Vidole vya Damian vilikuwa vyeusi kwa utomvu, vinanata kama ulimbo. Kila alipotaka kuweka jani chini lilikataa kumwachia, akawa anapunga mkono kama anafukuza nzi. Hapo ndipo nilipoona anachokatia. Ulikuwa mkasi wa Leo wa kucha, ule mdogo wenye ncha ya mviringo.

"Damian. Huo ni mkasi wa mtoto."

"Mkasi wa jikoni ni mkubwa. Huu unaingia katikati ya ua bila kulijeruhi. Wiki iliyopita pia nilitumia huu huu, nikaurudisha kwenye mfuko wake, wala hukujua."

Nilikuwa nimefungua kinywa kumwambia yote niliyoyaweka moyoni tangu kiangazi. Mlango ukagongwa, na kabla hatujajibu ukafunguka, maana Jerioth alikuwa na ufunguo wetu kwa ajili ya mtoto.

Damian alinyakua blanketi la Leo kwenye kiti na kulitandaza juu ya meza. Wambura alikusanya vishada vyake vikavu kwa viganja viwili na kuvitumbukiza kwenye kitu cha kwanza alichokiona, mkebe mtupu wa majani ya chai. Akaufunika, akauficha mgongoni.

Jerioth alisimama kwenye mlango wa jikoni, Leo kiunoni. Alitutazama tulivyovaa makoti ndani ya nyumba. Alitazama dirisha. Alitazama meza iliyofunikwa blanketi kana kwamba ina homa.

"Baba Leo," akasema. "Majani yako wapi?"

Wambura, ambaye nyumbani kwao alikuwa amewahi kumfukuza fisi kwa fimbo, ndiye aliyevunjika wa kwanza.

"Si yangu, mama. Mimi nimekuja kutazama tu."

"Nani ameuliza ni ya nani? Watu wanafika sasa hivi na mimi sina majani."

Nikaelewa. Alikuwa akiulizia majani ya chai. Nikaanza kusema kwamba ninayo, yapo rafuni, lakini mkebe ulikuwa umeshatoka mgongoni kwa Wambura na kunyooshwa mbele yake kwa mikono miwili.

"Chukua, mama. Chukua yote. Tusamehe."

Jerioth aliupokea. "Mlikuwa mnaficha?"

"Tulikuwa tunaficha," Damian akasema, kichwa chini.

"Sisi huko juu tunakunywa kahawa ya Waswidi mpaka tumbo inawaka, na nyinyi mko na majani mmeficha."

"Hata hatuyatumii, Mama Nyambura. Ni ya kutazama tu."

"Majani ya kutazama." Aliutikisa mkebe karibu na sikio lake. "Nyinyi mtajibu mbele ya Mungu. Mje mapema, na mfunge hiyo dirisha, mtoto atakuja kulala hapa."

Akaondoka na mtoto na mkebe. Tulimsikia akipanda ngazi akimwimbia Leo.

"Amedhani ni chai," nikasema.

"Shemeji, si amesema majani yako? Majani yako wapi. Yaani ya huyu."

"Amesema majani yapo wapi, wewe Wambura. Amekuja kuazima chai, na wewe umeungama."

Wambura alikaa chini polepole. Damian, pamoja na hofu yote, akakuna kidevu kwa kidole chenye utomvu.

"Lakini mmesikia? Ameongea sawasawa. Siku zote majani kwake iko wapi. Safari hii amesema yako."

Sikuwa na nafasi ya sarufi. Nilichukua pakiti ya chai yangu rafuni, nikapanda ngazi mbili mbili. Nilimkuta Jerioth jikoni kwake mbele ya sufuria kubwa ya ibada. Maziwa yalikuwa yanapanda, rangi imeshageuka hudhurungi, tangawizi imejaa chumba kizima. Kifuniko cha mkebe kilikuwa pembeni, peke yake.

"Mama Nyambura, nimekuletea haya. Yale ya mkebe yana ukungu."

"Nimeshatia."

"Basi tuimwage tu."

"Nimwage lita zote hizi za maziwa?"

"Mama Nyambura, hiyo chai..."

Aligeuka, mwiko mkononi. "Iko na nini?"

Nilikuwa na neno mdomoni. Nyuma yake, sakafuni, Leo alikuwa amekaa na ndoo ya vibanio vya nguo, akivitoa na kuvirudisha, ametulia kama mtoto aliye kwao. Niliona masomo yangu yakiishia pale pale, kwenye zulia lile.

"Inanukia," nikasema.

"Ni tangawizi."

Kengele ikalia na watu wakaanza kuingia. Damian na Wambura walikuja mwisho, wamenawa mikono kwa mafuta ya kupikia mpaka inang'aa, wakakaa karibu na mlango kama watu waliokuja kutoa ushahidi. Nikawatikisia kichwa. Damian akafumba macho.

Mwinjilisti Josiah alihubiri kwa muda wake wa kawaida, yaani mrefu. Kisha Jerioth akamimina chai. Alimimina mwenyewe siku hiyo, hakumruhusu mtu kumsaidia, na alianza na kile kiti cha karibu na mlango.

"Kunywa, Baba Leo."

"Tumbo langu, Mama Nyambura..."

"Chai ya maziwa inatuliza tumbo. Wambura, na wewe. Ni majani yenu, muonje."

Wakanywa. Mimi pia nikanywa, maana alisimama mbele yangu mpaka kikombe kikaonyesha nusu. Halafu tukaanza kuwatazama watu.

Mzee Njoroge ndiye aliyetutisha wa kwanza. Kichwa chake kilianguka nyuma, mdomo ukafunguka.

"Inaanza," Damian akanong'ona.

"Njoroge hulala kila wiki," nikamwambia.

"Lakini leo anatabasamu."

Muthoni, dada mwembamba aliyekuwa akisema siku zote kwamba ameshiba, alichukua andazi la tatu. Wambura alinishika mkono. Mwinjilisti Josiah akakumbuka kisa cha punda wa Balaamu, akaanza kukisimulia, akacheka kabla hajafika kwenye punda, akashindwa kuendelea, akajifuta macho kwa leso. Watu wakacheka naye. Maua ya karatasi ya ukutani yalikuwa yameanza kusogea upande wa kushoto, naapa, yote pamoja.

"Wambura," Damian akasema kwa sauti ya chini sana, "ile mbegu ya kasuku ilikuwa na nguvu."

"Ndiyo, mwalimu," Wambura akajibu. Alikuwa na hofu kiasi kwamba hakujua amelipa deni.

Ndipo nilipoona Jerioth amemweka Leo mapajani. Mkononi alikuwa na kile kikombe chake cha plastiki cha bluu. Alikuwa amekijaza chai, anaipuliza, anaipeleka kwenye midomo ya mwanangu.

Sikumbuki kuvuka chumba. Nakumbuka kikombe kikiruka, chai ikinimwagikia sketi, na sauti yangu ikisema kwa nguvu kuliko wimbo, "Usimpe! Mama Nyambura, usimpe, hiyo si chai."

Watu wakageuka. Hata Njoroge aliamka. Kwenye kona ya jicho nilimwona Damian amefunika uso. Nikajua nimekwisha, kesho nitakuwa mama wa nyumbani, na ajabu ni kwamba nilihisi mwepesi.

Jerioth akamkabidhi Leo kwa Muthoni, akasema kwa watu wote kwa utulivu, "Ni moto sana kwa mtoto, amesema kweli. Mama Leo, kuja tuoshe hiyo sketi."

Alifunga mlango wa jikoni nyuma yetu. Akafungua kabati la juu, akatoa mkebe, akaufungua na kuniwekea puani. Vishada vya Wambura vilikuwa humo vyote, vimekauka, vimekaa kimya, hakuna hata kimoja kilichoguswa.

Nikakaa kwenye kiti.

"Ile chai..."

"Ni majani yangu kutoka Limuru. Kwani mimi huishiwa na majani?" Kisha akatoa mfuko wa Leo, na kutoka humo akanionyesha alama nyeusi kwenye kitambaa. "Jumatatu nilitaka kumkata mtoto kucha. Mkasi ilikuwa inanata. Umeona wapi mkasi ya kucha inanata? Nikanusa. Kaka yangu alifukuzwa shule kwa sababu ya hii harufu. Wiki mzima nimengoja uniambie."

"Niliogopa hutamlea Leo tena."

"Ningekataa." Alisema bila kupunguza. "Asubuhi ya leo nilikuwa nimeshafunga nguo zake. Halafu nikasema hapana, wanaume ni wanaume, wacha nione mama. Ungekaa kimya nikampa hiyo kikombe, ungeenda na mtoto wako."

Nililia kidogo. Akaniachia nilie, akakausha sketi yangu kwa taulo. Kisha tukaenda chooni, nikamwaga mkebe mwenyewe na kuvuta maji mara kadhaa, maana bangi kavu hupenda kuelea. Mkebe aliubakiza, akasema utamfaa kwa vifungo.

"Na ulipotuuliza," nikasema, "ulimaanisha..."

"Nilisema majani yako. Yako, ya Baba Leo. Wapi." Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, niliona meno yake yote. "Nyinyi Watanzania mnafikiri hatujui Kiswahili. Tunakijua, tunaikalia tu."

Nilitaka kwenda kuwaambia wale wawili. Akanishika bega.

"Wewe haraka ya nini? Wacha waive."

Nikarudi sebuleni, na hapo ndipo nilipojua kwamba kuishi na Damian kulikuwa kumenifundisha kitu. Nilikaa karibu naye, nikaegemeza kichwa ukutani na kuyatazama maua ya karatasi kwa makini.

"Mama Leo," akanong'ona. "Uko sawa? Amesemaje?"

"Hajui kitu. Anaosha vyombo anaimba. Damian, kwani dari imeshuka?"

Alinishika mkono na hakuuachia mpaka sala ya mwisho. Jioni hiyohiyo, yeye na Wambura walivibeba vilivyobaki, vibichi vya Damian, mashina, mizizi na udongo wake, wakatupa vyote kwa mafungu. Mkasi wa kucha alinunua mpya.

Nilipanga kumwambia kesho yake. Lakini Jumamosi iliyofuata Jerioth alimpokea mlangoni mbele ya watu na kumwambia kwa upole, "Baba Leo, ile majani yako ilikuwa tamu. Iko ingine?" Damian aligeuka rangi. Jumatatu akapanda treni mpaka mjini, akazunguka mpaka akapata duka lenye chai ya Kenya, akarudi na pakiti mbili. Alimpelekea mwenyewe. Tangu hapo kila mwezi, kabla haijaisha, alikuwa ameshampelekea nyingine, ili tu yule mama asiulizie tena ya mkebe. Ningemwambiaje? Alikuwa akitoka kazini kwa furaha, pakiti kwapani, akisema anaenda kuziba bomba lisivuje. Watu wa ibada walimsifu. Naye, tukibaki wawili, alikuwa akisimulia siku ile, Njoroge alivyotabasamu, punda wa Balaamu, dari iliyoshuka, na kila mara iliongezeka kidogo. Nilimaliza masomo yangu. Leo alipata nafasi dagis, akaanza kutujibu kwa Kiswidi, na bado alikuwa akipanda kwa Mama Nyambura kila jioni.

Damian alifariki mwezi wa pili mwaka huu, sabini na tisa, moyo, kiwandani, kabla ya chakula cha mchana. Alikufa akiamini kwamba aliwahi kuilevya ibada nzima ya Tumba. Sijutii kutomwambia. Ilikuwa hadithi yake nzuri kuliko zote.

Siku ya msiba nyumba ilijaa watu mpaka ngazini. Wambura alikuwa amekaa jikoni, kwenye kiti kile kile. Sikuwa nimelia tangu asubuhi. Nilikuwa nimekaa na Leo mapajani nikiwa kama kitu kilichokaushwa. Jerioth alikuwa amesimama mbele ya jiko langu na sufuria yake kubwa, anafungua kabati moja baada ya jingine. Akageuka, akanitazama moja kwa moja, akauliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Mama Leo. Majani yako wapi?"

Wambura aliruka kutoka kitini.

Nilicheka mpaka nikashindwa kupumua, na katikati ya kucheka machozi yakaja, na watu wakasema afadhali, sasa amelia. Leo aliniuliza kwa Kiswidi kwa nini ninacheka. Nilimwonyesha rafu ya juu, ambako baba yake alikuwa ameacha pakiti ya mwezi ule, bado haijafunguliwa, nikamwambia ampelekee Mama Nyambura.